Programu gani ya bure ya kubana mafaili inafaa kompyuta mchanganyiko? (Windows 7, Windows 11, Ubuntu na Mac)

MamaPrinta (mleta mada)

Wakuu, mbukwenyi! Nawasalimu kutoka hapa Ng'ong'ona, jirani na UDOM.

Nina steshenari. Kazi zangu mnazijua: kuchapa, kutoa kopi, kuskani vyeti, kutumia watu maombi ya kazi na ya vyuo. Mashine zangu ni za kila kabila. Ya kaunta ni desktopu ya zamani, Windows 7, RAM GB 2. Laputopu yangu mwenyewe ina Windows 11. Ya tatu mdogo wangu aliiweka Ubuntu kwa sababu Windows ilikuwa inagandaganda. Halafu kuna wanafunzi wanaokuja na MacBook wanataka kila kitu kifanyike humo humo kwenye mashine zao.

Wateja wanaleta mafaili yanayoishia na .zip, .rar, .7z, na juzi kaja kijana na la .tar.gz. Kwenye kaunta nina WinRAR ambayo kila ukiifungua inakukumbusha ununue leseni. Kuna fundi kaniambia nimpe elfu tano anikrakie. Sitaki hayo mambo.

Naomba mnishauri programu ya bure kihalali, isiyo na matangazo, isiyokula RAM, inayoelewana na mashine zote hizo. Na jingine linanisumbua: mteja analeta skani za vyeti MB 60, barua pepe inakataa, nazibana zinatoka MB 58. Sasa hapo kubana ni kwa kazi gani?

Natanguliza shukrani.

Siti_ya_Mbele

Nimeshakaa. Wajuzi shusheni nondo.

Chap_Chap

Dada usijisumbue, WinRAR tu. Inafungua kila kitu. Mimi nina ya milele, mwaka wa kumi huu haijawahi kunidai chochote.

Fundi_Nkuhungu

Dada MamaPrinta, heshima yako. Nitaandika kirefu kidogo kwa sababu swali hili naulizwa dukani kila wiki, na watu wengi wanalianzia pabaya. Wanauliza "ipi inabana sana?" Kwa steshenari swali ni jingine: nani atalifungua faili upande wa pili, na kwenye mashine yake kuna nini? Ukimtumia afisa ajira faili la .7z na kompyuta yake ni Windows 10 isiyo na programu yoyote ya ziada, halifungui. Hatakupigia simu kukuuliza. Ataruka aende kwa mwombaji anayefuata.

Kwa hiyo gawanya kazi mbili. Kupokea na kutuma ni vitu viwili tofauti.

Kupokea: weka 7-Zip kwenye hizo Windows zote mbili. Ni ya Igor Pavlov, Mrusi, ipo tangu 1999, ni programu huria, haina matangazo, haina siku za majaribio, na leseni yake inakuruhusu kuitumia kwenye biashara bila kulipa senti. Kisakinishi chake hakifiki hata MB 2, bando la mia tano linakitosha na chenji inabaki. Inafungua zip, rar, 7z, tar, gz, hata ISO. Kitu kimoja haiwezi: kutengeneza .rar. Hiyo si dosari yake, muundo wa RAR ni mali ya wenyewe na leseni yao inakataza mtu mwingine kutengeneza programu ya kubana kwa RAR. Kufungua ruksa, kutengeneza mpaka uwe na yao.

Kutuma: tuma .zip ya kawaida. Zip imekuwepo tangu 1989, Windows inaifungua bila kusakinisha chochote, Mac inaifungua, Ubuntu inaifungua, simu za Android na iPhone zinaifungua. Inazidiwa na 7z kwa kubana, lakini mteja wako halipwi kwa kilobaiti zilizookolewa. Analipwa barua yake ikisomwa.

Tahadhari kwa ile ya kaunta. Windows 7 yenye RAM GB 2 mara nyingi ni ya biti 32. Bofya kulia kwenye Computer, kisha Properties, angalia palipoandikwa System type. Kama ni 32, shusha 7-Zip ya biti 32, maana ya x64 itakataa kusakinika na utadhani faili limeharibika. Na shusha kutoka 7-zip.org peke yake. Ukiandika jina hilo kwenye gugo utaletewa tovuti zenye vitufe vikubwa vya kijani. Hizo zina mizigo yao.

La vyeti kubaki MB 58 nitarudi, mteja kaingia.

Penguini_Dom

Weka Ubuntu zote tatu tatizo liishe. Kuna tar, gzip, xz, zstd, zote zipo ndani bure. Windows ni mateso ya kujitakia.

MamaPrinta

Penguini mdogo wangu, wateja wangu hawaji kusoma Linux, wanakuja kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa dirisha la maombi linafungwa saa sita usiku. Nisaidie hiyo moja niliyonayo kwanza.

Penguini_Dom

Hahaha nimekuelewa dada. Kwenye Ubuntu bofya tu faili mara mbili, kuna programu ya kufungulia imekuja nayo. Zip na tar.gz zitafunguka hapo hapo. Kwa 7z na rar fungua kidirisha cha amri uandike:

sudo apt install p7zip-full unrar

Ukimaliza, ile ile ya kubofya mara mbili itazifungua na hizo.

Halafu kuhusu lile faili la .tar.gz: ukilifungulia kwenye Windows kwa 7-Zip, usishtuke ukikuta ndani yake kuna faili moja tu la .tar. Ni hatua mbili. Tar kazi yake ni kukusanya mafaili yawe kitu kimoja, haibani. Gzip ndiyo inabana. Kwa hiyo unafungua gz, unapata tar, unaifungua na hiyo ndiyo unaona mafaili yenyewe. Nimeona watu wanaifuta ile .tar wakidhani ni takataka.

Sisi tunapenda tar kwa sababu inakumbuka ruhusa za faili, nani anaruhusiwa kusoma na lipi ni la kuendeshwa. Wanafunzi wa programu wanaokuja kwako watakuwa wanatumiana hizo.

Chap_Chap

Maneno meeengi. Nimewaambia WinRAR.

Fundi_Nkuhungu

Nimerudi. Chap_Chap kaka yangu, WinRAR si programu mbaya, ni ya kulipia. Wanakupa siku 40 za kuijaribu, baada ya hapo inaendelea kufanya kazi huku ikikukumbusha. Ndiyo maana watu wanadhani ni ya bure. Kwa mtu binafsi nyumbani sitagombana naye. Kwa biashara iliyosajiliwa yenye kibao barabarani, hapana.

Ila hiyo "ya milele" yako ndiyo inanitisha. Agosti 2023 WinRAR walitoa toleo 6.23 kuziba tundu ambalo wezi walikuwa tayari wanalitumia: unafungua faili lililobanwa, unabofya picha iliyomo ndani, kumbe nyuma yake inaendeshwa programu nyingine. Julai 2025 wakatoa 7.13 kuziba tundu jingine, nalo lilikuwa linatumiwa tayari. Wewe una toleo la mwaka gani? Mwenye kraki hasasishi, anaogopa kraki itaondoka. Na WinRAR haijisasishi yenyewe kimyakimya.

Ili nisionekane napigia debe: 7-Zip nayo ilikuwa na tundu lililozibwa kwenye toleo 24.09, mwishoni mwa 2024, na nayo haijisasishi. Ni wewe kuingia kwenye tovuti yao, kushusha mpya, kusakinisha juu ya ya zamani. Ukiweka ya mwaka huu ukaisahau miaka sita umerudi pale pale kwa Chap_Chap.

Chap_Chap

Ngoja niangalie... 5.40. Mh.

Siti_ya_Mbele

😂😂 Uzi huu una watu

Fundi_Nkuhungu

Sasa la vyeti, dada, maana hili ndilo kubwa.

Programu ya kubana inatafuta vitu vinavyojirudia ndani ya faili na kuviandika kwa kifupi. Maandishi matupu yana marudio mengi sana, yanashuka vizuri. Picha ya JPG imeshabanwa siku ilipozaliwa, kwenye kamera au kwenye skana. Video ya MP4 vivyo hivyo. PDF ya skani ndani yake ni picha hizo hizo za JPG. Kuzibana tena ni kukamua makapi ya zabibu wakati mchuzi ulishatoka. Zip hapo inakusaidia jambo moja tu: vyeti kumi vinakuwa faili moja la kuambatisha. MB hazishuki.

Hata hati za Word ni hivyo hivyo. Faili la .docx lenyewe ni zip tangu Office 2007. Kama huamini, nakili hati moja yenye picha, badili jina la hiyo nakala liishie .zip, ifungue. Utakuta folda inaitwa word, ndani yake media, na picha zako zote zimepangwa humo. (Hii ni njia nzuri pia ya kumtolea mteja picha zake kwenye hati bila kuzikata moja moja.)

Dawa ya MB 60 iko kwenye skana, si kwenye 7-Zip. Angalia imewekwa dpi ngapi, yaani nukta ngapi kwa kila inchi. Ukurasa wa A4 kwa dpi 600 una nukta takriban milioni 35. Kwa dpi 300 ni chini ya milioni 9. Kila ukigawa dpi kwa mbili, nukta zinagawanyika kwa nne. Kwa rangi kamili kila nukta ni baiti 3, kwa hiyo ule wa 600 ni kama MB 104 kabla ya kubanwa, wa 300 ni MB 26. Cheti cha kusomwa kwenye kioo 200 inatosha, 300 kama mtu atakichapa. Barua isiyo na rangi skani kwa kijivu, umeokoa theluthi mbili ya baiti papo hapo. Hiyo 600 waachie wanaorudisha picha za harusi za bibi.

Gmail kikomo chake cha viambatisho ni MB 25 kwa ujumla. Ukiskani vizuri, vyeti vya mtu mmoja vinaingia bila zip kabisa.

MamaPrinta

Kaka Fundi!! Skana iko 600. Aliyeniuzia aliniambia "iache hapo ndiyo kali zaidi". Nashusha sasa hivi.

Mtakwimu_Makole

Nakazia ya Fundi na niongeze upande wa pili, kwa sababu kuna watu 7z inawafaa mno.

Mimi kazi yangu ni data. Mafaili ya CSV, matokeo ya madodoso, hifadhidata zilizotolewa kama maandishi. Mle kila mstari una maneno yale yale: mkoa, wilaya, kata, jinsia, ndiyo, hapana. Hapo 7z inafanya kazi ya kuonekana kwa macho, na inaizidi zip kwa mbali. Sababu ni "dikshenari" yake, yaani umbali ambao programu inakumbuka nyuma ikitafuta marudio. Deflate, njia ya kubania ya zip, inakumbuka KB 32 tu. LZMA, ile ya 7z, unaipa MB nyingi, kwa hiyo jina la kata lililoonekana kurasa elfu zilizopita bado inalikumbuka.

Ila kumbukumbu hiyo inalipiwa na RAM. Ukiongeza dikshenari, RAM ya kubania inapanda zaidi ya mara kumi ya ukubwa wake. Dikshenari ya MB 64 inataka kama MB 700. Dada, kwenye ile ya kaunta usiguse kiwango cha kubana cha Ultra, itaganda wateja wakikutazama. Acha Normal. Chini kwenye dirisha la 7-Zip wanakuandikia kabisa kiasi cha RAM kitakachotumika kubana na cha kufungua, watu hawasomi. Kufungua ni nafuu, inataka RAM inayokaribiana na dikshenari yenyewe.

Jambo la pili: 7z kwa kawaida inaunganisha mafaili yote iyabane kama mtiririko mmoja. Ndiyo sababu inabana sana mafaili madogo mengi yanayofanana. Upande wa hasara, flashi ikiharibu kipande cha katikati unaweza kupoteza mafaili mengi kwa mpigo. Zip inabana kila faili peke yake, likiharibika moja mengine unaweza kuyaokoa. Data yangu ya kazi nikishaibana, kabla ya kufuta ya asili nabonyeza Test ndani ya 7-Zip isome faili lote na kuhakiki. Kama flashi ina walakini, hapo inajisema.

Mwl_Kongwa

Mtakwimu hapo umegusa kitu ambacho WinRAR wanastahili sifa yake. Wao wana kitu cha kuongeza ndani ya faili ili likiharibika kidogo lijitengeneze lenyewe. Shuleni kwetu flashi zinapita mikono mingi, kutoka mashine hadi mashine, na hiyo imeshatuokolea mitihani ya ndani. 7-Zip haina. Kwa hiyo tusimzomee kila anayetumia WinRAR, wengine tumelipia.

Fundi_Nkuhungu

Mwalimu, kweli kabisa, hilo siwezi kulipinga. Ukilipia na unasasisha, ni programu imara.

KijanaWaChimwaga

Habari za hapa. Mimi ndiye mmoja wa hao wa MacBook, huenda hata nimeshakuja kwako mama.

Mac zip inafungua yenyewe, bofya mara mbili basi. Kwa rar na 7z tunaweka The Unarchiver au Keka. The Unarchiver ni ya bure, kazi yake kufungua tu. Keka inafungua na inatengeneza, zip na 7z pamoja na neno la siri. Keka ukiishusha kwenye tovuti yao keka.io ni bure. Ukiichukua kwenye duka la Apple ni ya kulipia, ni namna ya kuwachangia. Programu ni ile ile.

Kitu ambacho kitakuchanganya: zip iliyotengenezwa na Mac ukiifungua kwenye Windows utaona folda ya ziada inaitwa __MACOSX, ndani ina mafaili yenye majina yale yale yaliyotanguliwa na nukta na mstari, ya KB chache. Mteja atakuambia "mbona faili langu halifunguki?" kumbe anabofya lile la kwenye folda hiyo. Hayo ni kumbukumbu za Mac yenyewe, hayana kazi kwenye Windows, yafute. Faili halisi liko nje ya hiyo folda.

MamaPrinta

Mwanangu hiyo __MACOSX imeniletea kelele hapa dukani we acha tu. Kuna binti alidhani ni virusi, akakataa kulipa.

Mtumishi_Mtumba

Naomba kuuliza wakuu. Kompyuta ya ofisini hainiruhusu kusakinisha chochote. Nyaraka zinakuja kwa .rar. Nifanyeje bila kuwasumbua TEHAMA kila siku?

Penguini_Dom

Ni Windows gani? Kama ni 11 iliyosasishwa, tangu sasisho la Oktoba 2023 inafungua rar, 7z na tar yenyewe, bofya kama folda. Na toleo la 24H2 linatengeneza hata 7z na tar. Ikiwa rar ina neno la siri ndiyo haifungui.

Mtumishi_Mtumba

Ni Windows 10.

Fundi_Nkuhungu

Basi 10 inajua zip tu kwa kubofya. Kuna PeaZip, nayo ni huria, ina toleo la kubeba kwenye flashi bila kusakinisha. Inaenda Windows, Linux na Mac, sura yake ni ile ile kote, kwa hiyo hata dada MamaPrinta kama anataka dirisha moja lenye vitufe vilevile kwenye mashine zote, hiyo ndiyo. Ni nzito kuliko 7-Zip na ina vitufe vingi kupita mahitaji ya steshenari, ndiyo maana sikuitaja mwanzoni.

Lakini kaka, mashine ya serikali usiichomekee programu ya kwenye flashi kimyakimya. Waombe TEHAMA wakuwekee 7-Zip mara moja tu, ni dakika chache. Au mwambie anayekutumia abadilishe aanze kutuma zip. Na Windows 10 yenyewe msaada wake wa bure uliisha Oktoba 14, 2025, hilo nalo waulize.

Mtumishi_Mtumba

Nimekupata mkuu. Swali la nyongeza, tunatuma orodha zenye namba za NIDA na akaunti za watu. Neno la siri la zip linatosha?

Mtakwimu_Makole

Hapo usikurupuke. Zip ina namna mbili za kufunga. Ya zamani inaitwa ZipCrypto, ni dhaifu, mtu mwenye ujuzi na nakala ya faili mojawapo lililomo ndani anaivunja. Ya pili ni AES-256, hiyo ni imara neno la siri likiwa refu. Kwenye 7-Zip ukichagua zip, ZipCrypto ndiyo inayotokea yenyewe, ni lazima ubadilishe kwa mkono pale chini ya neno la siri. Tatizo, zip ya AES Windows yenyewe haiifungui, mpokeaji lazima awe na 7-Zip au mfano wake.

Na hata ukifunga kwa AES, zip inaonyesha majina ya mafaili kwa kila mtu. "Orodha_ya_waliofukuzwa.xlsx" itasomeka bila neno la siri. Ukitaka na majina yafichwe, tumia 7z na uweke tiki kwenye Encrypt file names. Kisanduku hicho ukichagua zip hakipo kabisa.

Neno la siri usiliandike kwenye barua pepe ile ile. Litume kwa meseji ya simu au mpigie. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, haya si mambo ya hiari tena. Na wenye steshenari inawahusu pia: vyeti na vitambulisho vya wateja vilivyoachwa desktopu ni taarifa binafsi za watu.

MamaPrinta

Mh. Desktopu ya kaunta ina folda inaitwa "vyeti wateja" tangu siku nyingi. Inaondoka leo.

Fundi_Nkuhungu

Ukiiondoa usisahau kumwaga na Recycle Bin.

Halafu kwa mashine yoyote inayopokea flashi za watu, fanya hivi leo leo: ingia kwenye mipangilio ya folda uondoe tiki ya Hide extensions for known file types. Windows inaficha herufi za mwisho za jina. Faili linaloitwa CV_yangu.pdf.exe wewe utaliona CV_yangu.pdf lenye alama ya PDF, unabofya, imeisha hiyo. Wengi wanayafungasha ndani ya zip au rar ili yapite. Ukiona .exe ndani ya zip ya "barua ya maombi", usiifungue hata mteja akikuapia. Na wewe usimtengenezee mtu faili la kujifungua lenyewe la .exe, Gmail inakataa .exe hata ukiificha ndani ya zip.

Picha_na_Matukio

Mimi napiga video za mahafali. Faili la GB 6 linagoma kuingia kwenye flashi ya GB 32, linasema kubwa mno wakati flashi tupu. Nikibana halipungui, nimeshaelewa kwa nini. Ila nalitoaje?

Penguini_Dom

Flashi yako imeformatiwa kwa mfumo wa zamani wa FAT32. Hiyo haipokei faili moja linalofika GB 4. Iformati kwa exFAT (toa vitu vyako kwanza), Windows na Mac zote zinaisoma. Kama mteja ataichomeka kwenye televisheni ya zamani isiyojua exFAT, mpe MP4 uliyoipunguza ubora kwa HandBrake, ni ya bure. Ukitaka kusafirisha tu kompyuta kwa kompyuta bila kuformati, kwenye 7-Zip kuna sehemu ya Split to volumes, andika 2000M, chagua Store badala ya Normal ili isipoteze muda kubana kisichobanika. Utapata vipande vya .001, .002, .003 na kuendelea.

Picha_na_Matukio

Store! Kumbe nusu saa yote ile nilikuwa naisubirisha bure.

Mzee_wa_Mpwapwa

Wanangu, nafuatilia kwa simu tangu asubuhi. Nimetumiwa picha za kikao cha ukoo kwa WhatsApp, zimekuja mafaili mawili, moja linaishia .001 na jingine .003. Simu inasema haijui aina ya faili. Nitumie nini? Simu ni Android.

KijanaWaChimwaga

Shikamoo mzee. Weka ZArchiver kutoka Play Store, ni ya bure, inafungua zip, rar, 7z na hivyo vipande. Yaweke mafaili yote kwenye folda moja, kisha gusa la .001 peke yake, mengine itayatafuta yenyewe.

Mzee_wa_Mpwapwa

Marahaba mwanangu. Nimeiweka. Nimegusa, imeandika kuna kosa.

Fundi_Nkuhungu

Shikamoo mzee wangu. Umesema una .001 na .003. La .002 halijafika, na bila hilo haifunguki. Mwambie aliyetuma arudie hilo moja tu, si lazima atume yote upya. Alitume kama hati, asibadilishe jina, kisha uliweke folda moja na wenzake. Na mara nyingine umwombe atume zip moja nzima, WhatsApp inapokea hati hadi GB 2.

Mzee_wa_Mpwapwa

Nimempigia. Anasema la .002 alilituma kwa shemeji.